Rimoti Ikinyamaza, Treni Isimame

Wiki jana kichwa cha treni yangu ndogo kilianguka sakafuni. Kosa lilikuwa la programu niliyoandika mwenyewe, kwa hivyo nalieleza hapa badala ya kulificha.

Kwa wageni wa mchezo huu: nina reli ya kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, juu ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Naiendesha kwa DCC, mfumo uliotokana na kazi ya Lenz wa Ujerumani, kisha chama cha NMRA cha Marekani kikaufanya kiwango cha wote katika miaka ya 1990. Reli hubeba umeme na maagizo kwa pamoja. Kila kichwa kina namba yake na dikoda ndani inayotii agizo lake tu.

Tarakilishi yangu ina JMRI, programu huria ya Java, ambayo ndani yake kuna seva ya WiThrottle. Kifaa chochote chenye wifi huingia kwa lango namba 12090 na kutuma mistari ya maandishi ya kawaida: nipe kichwa namba 3, kasi 40, washa taa. Kasi ni kutoka 0 hadi 126. Ni rahisi hivi kwamba unaweza kuijaribu kwa telnet. (Nilijaribu. Nilicheka peke yangu kama mtoto.)

Simu ya mkononi inatosha kuanzia, na Engine Driver ya Android ni ya bure na ni nzuri. Lakini kioo hakishikiki. Ukitaka kupunguza mwendo lazima uangalie simu, na ukiangalia simu huioni treni. Ndiyo maana nikajiundia rimoti yangu kwa ESP32, betri, na kidude cha kuzungusha kama kile cha sauti ya redio. Dole gumba linajua lilipo bila kuuliza macho.

Sasa kosa. Itifaki hii ina kitu kama mapigo ya moyo. Ukiunganishwa, seva hukutumia kwa mfano *10, maana yake inataka kukusikia angalau kila sekunde 10. Lakini haianzi kukuhesabia mpaka wewe mwenyewe utume *+. Mimi niliiruka hatua hiyo, nikajiambia nitaiweka baadaye. Mpwa wangu akawa anaendesha, betri ikaisha, na treni ikashika njia ya pembeni ambayo sijaiwekea kizuizi mwishoni. "Mjomba, haisimami!"

Wengi hudhani mawasiliano yakikatika treni itasimama yenyewe. Wapi! Mashine ya DCC hurudia agizo la mwisho kwenye reli tena na tena. Kwa dikoda, kila kitu ki shwari: kasi ni ileile, twende.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kumfanya mteja aombe kuhesabiwa ni kuweka mambo kinyume. Naelewa sababu, kwamba hata kifaa duni kabisa kiweze kuunganishwa. Lakini asiyetaka ulinzi ndiye angepaswa kusema hautaki. Mvivu kama mimi angeokolewa.

Hata sekunde 10 zenyewe ni nyingi. Piga hesabu: treni halisi ya kilomita 60 kwa saa, ukiipunguza mara 87, huenda kama sentimita 19 kwa sekunde. Katika sekunde 10 ni karibu mita 2, na meza yangu yote haifiki mita 2.5! Nimebadilisha muda huo kwenye JMRI kuwa sekunde 4. Nilipoweka 2, wifi ikikwama kidogo treni ilisimama katikati ya njia bila sababu, jambo ambalo pia linaudhi. Ilinibidi niipe reli ruta yake yenyewe, isiyo na intaneti, ili anayetazama video sebuleni asinisimamishie garimoshi.

Siku hizi kabla ya kumpa mtu rimoti, nachomoa betri treni ikiwa mwendoni na kuanza kuhesabu. Jana ilisimama nilipofika nne na kidogo. Mpwa wangu bado husimama ukingoni mwa meza, mikono kaikinga.