Aliyeibiwa Safarini Si Mkosaji



Leo hatuna mitindo ya shela wala rangi za mitandio. Leo tuna jambo limetukaa kooni tangu mwezi wa Rajabu, na tusipolisema litatuchoma.

Sisi ni mafundi watatu wa Kibiti. Mmoja kwao Mbwera, ndani kabisa ya delta, mmoja kwao Nyamisati, mmoja ameolewa Bungu. Nusu ya wateja wetu ni nyinyi wa Mafia, mnaotutumia vipimo kwa WhatsApp, na nguo zikiisha tunazipandisha boti Nyamisati. Safari hii tulikwenda Nairobi, Eastleigh, kufuata lesi na vitambaa vya harusi za Mfungo Mosi. Tulikuwa wanne, kwa sababu mume wa mwenzetu alitusindikiza.

Siku ya pili, kwenye msongamano, mkoba wetu ulichanwa kwa wembe upande wa chini. Tulikuja kushtuka tunataka kulipia kitambaa. Pochi hakuna, simu hakuna, pasipoti moja hakuna. Kama shilingi 1,400,000 za kwetu, tulizokwisha kuzibadilisha kuwa za Kenya, zilikwenda. Ndani yake mlikuwa na vianzio vya mabibi harusi wanne. Na jioni ile ile shemeji yetu alichomolewa simu mfukoni akishuka kwenye matatu.

Tukarudi nyumbani. Shemeji akapokelewa kwa pole. "Pole mwanaume, safari ndiyo zilivyo, Nairobi hiyo." Watu wakamchangia simu nyingine. Sisi je? "Nani aliwatuma?" "Wanawake mnatafuta nini Nairobi?" "Mngetulia na vitambaa vya Kariakoo yangewakuta hayo?" Mji ule ule, siku ile ile, wizi ule ule. Yeye aliibiwa, sisi tulijitakia.

Hilo ndilo tunalolipinga leo, na tunalipinga kwa dini yetu hii hii ambayo watu wanaisingizia.

Mnakijua kisa cha Safwan bin Umayya, radhi za Allah ziwe juu yake? Alikuwa mtu wa Makka, akaja Madina. Akalala msikitini, joho lake akaliweka chini ya kichwa kama mto. Mwizi akaja akalichomoa. Safwan akaamka, akamkamata, akampeleka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakumpiga. Hakuita watu wamchome. Alimpeleka kwa mwenye mamlaka. Kisha huruma ikamwingia, akataka kumsamehe, na Mtume akamuuliza kwa nini hakumsamehe kabla ya kumleta kwake.

Tazameni swali hilo. Hakuulizwa kwa nini alilala msikitini. Hakuulizwa kwa nini hakulivaa joho lake, au kwa nini hakukaa kwao Makka. Mgeni aliyeibiwa alipokewa kama mwenye haki, na kesi ikawa ya mwizi. Sasa sisi tumeitoa wapi desturi ya kumweka aliyeibiwa kizimbani?

Wengine watasema, suala ni mwanamke kusafiri. Sawa, mambo ya mahram waulizeni masheikh wenu, hatuna elimu ya kuwafunga wala kuwafungulia. Lakini safari yetu ilikuwa na mahram wa mwenzetu, na yeye ndiye aliyeibiwa wa pili! Mwizi haulizi mahram yuko wapi. Mwizi anatazama mkoba.

Neno la pili tulilopewa lilikuwa: "Kasomeni Albadiri." Huku kwetu pwani na delta hili ndilo la haraka. Watu wanachanga, ubani unafukizwa, inasomwa ili mwizi avimbe tumbo au arudishe mali. Hatumsemi anayewakumbuka mashahidi wa Badri kwa mapenzi na dua njema. Tunasema juu ya kuisoma kama bunduki, risasi ikatoka bila kujua inakwenda kwa nani. Wiki ya pili mtoto wa jirani anaumwa homa, kijiji kizima kinanong'ona kuwa wazazi wake ndio wezi. Mmepoteza mali, mmetoa pesa ya kisomo, na sasa mmepoteza jirani. Mtume alipomtuma Muadh Yemen alimtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwamba baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Kama hapana pazia, yule wa katikati anayetaka alipwe amekaa wapi?

Neno la tatu lilisemwa na vijana stendi: "Mngepiga kelele za mwizi, watu wangemmaliza." La, hatutaki. Miaka ya nyuma gatini Nyamisati tuliona kijana akipigwa mpaka akazimia kwa mfuko wa mama mmoja. Mfuko ulipatikana baadaye ndani ya chombo, chini ya majamvi. Yule mama alilia kuliko aliyepigwa. Na sisi watu wa Kibiti hatuhitaji kufundishwa ubaya wa hukumu za gizani. Mwaka 2017 wilaya yetu ilitajwa nchi nzima kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Tulikuwa tunafunga milango mapema na kusikilizia nyayo. Anayesema "tummalize tu" sisi tunamwogopa kuliko mwizi.

Neno la nne ni tamu, na ndilo linalotuumiza zaidi, maana linatoka kwa wanawake wenzetu: "Ni qadari, nyamazeni tu." Qadari tunaiamini. Lakini yule bwana aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kunyamaza si subira. Subira ni kutokukufuru na kutokulipiza kwa dhuluma. Kwenda polisi hakuitoi subira yako, kama vile kwenda hospitali hakuitoi imani yako.

Sisi tulifanya nini? Tulilia kwanza, tusidanganyane. Kisha tulikwenda kituo cha polisi cha karibu tukaandikisha, tukapewa namba ya OB. Huko Kenya wanaita OB, kwetu tunaita RB, ni kitu kimoja: namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo ungesema umepoteza pasipoti, nani akuamini? Kwa karatasi ya polisi na kopi ya pasipoti tuliyokuwa tumeituma kwenye WhatsApp ya dada yetu Kibiti, tulikwenda ubalozi wa Tanzania hapo Nairobi. Mwenzetu akapata hati ya dharura ya kusafiria, akavuka Namanga kwa heshima yake.

Na simu? Dada huyo huyo alikuwa ameachiwa taarifa zetu. Akapiga huduma kwa wateja, namba 100, laini ikafungwa kabla mwizi hajaanza kuwaandikia wateja wetu "nitumie hela nimekwama" kwa jina letu. Wizi wa pili huwa huo, nao humpata mama yako aliyekaa nyumbani ametulia.

Kwa hiyo anayetuambia tukae nyumbani atuache, atufundishe kufunga ngamia. Pesa usiziweke mkoba mmoja: nyingine kwenye simu, nyingine kibindoni chini ya dera, nyingine kwa mwenzako. Mkoba uvae mbele ya kifua, chini ya mtandio. Bonyeza *#06# uandike namba za simu yako kwenye daftari linalobaki nyumbani. Piga picha pasipoti na kitambulisho cha NIDA, mtumie mtu mmoja unayemwamini. Na ukiibiwa, siku hiyo hiyo, andikisha.

Sasa tuje kwenu, mabibi harusi. Vianzio vyenu vilikuwa mle ndani. Tulikaa sisi watatu usiku mzima tukiulizana tuseme nini. Tungeweza kusema ilikuwa amana, imeibiwa bila uzembe wetu, basi. Tungekuwa tunadanganya. Kianzio ni malipo ya kazi, na kazi bado mnatudai. Tukauza cherehani moja, tukachukua kitambaa kwa mkopo, tukashona usiku. Shela zote nne zilifika Mafia kabla ya siku zake, alhamdulillahi. Ila lesi ya mmoja haikuwa ile aliyoichagua, na tulimrudishia tofauti yake.

Bibi harusi mmoja alivunja oda siku aliyosikia habari, akatutangaza kwa watu kuwa tumekula pesa yake. Tulipomfikishia shela hakuomba msamaha, na sisi hatumdai. Mwingine alitupigia simu, neno lake la kwanza likawa: "Mko salama? Hamkuumizwa?" Dada zetu, swali hilo halina gharama yoyote. Watu wa mitaani, ndugu, hata mashoga zetu, hakuna aliyetuuliza kabla yake. Tulilia upya, safari hii vizuri.

Yule aliyechana mkoba wetu hatumjui na huenda hatutamjua. Haki yetu kwake iko kwa Allah, na taarifa yetu iko kwenye kitabu cha polisi. Lakini nyinyi tunawajua. Kesho atarudi mwanamke mwingine kutoka Kampala, Dubai au Mbagala tu hapo, mkoba umechanwa. Mtakapokwenda kumpa pole, iwe pole kweli. Msimuulize alifuata nini. Alifuata riziki, kama mumeo.

Na sisi baada ya Idd kubwa tunarudi Eastleigh, inshaallah. Mnaotaka lesi, vipimo vyenu.