Motere haiingii kwa nguvu



Kati yetu wafinalisti kuna shauri hili: saa mbili za atelye siku ya posho ziondolewe, tupate kurudilia masomo ya ekzameni ya Serikali. Tena wengine wanaongeza: "Mafuta ya motere ni ya wale walioshindwa masomo." Sisi hatukubali, na sababu yetu ni hii.

Kule Uingereza, tangu 1957, kampuni Lotus ya Colin Chapman iliuza motokari ndogo ya mbio, Lotus Seven. Wengi waliinunua vipande-vipande, wakaiunga wenyewe nyumbani. Wengine nyuma yao walikwenda mbele zaidi: walijenga hata shasi kwa bomba za chuma, wakatia motere ya motokari kuukuu. Si mafundi tu. Kuna na watu wa ofisi.

Kazi inayowapima ni kutia motere na bwate ya vitesi. Kwanza hivi viwili vinaungwa pamoja chini. Disiki ya ambreyaje inapashwa kukaa katikati kabisa, maana chuma cha bwate kitapita ndani yake. Kama imekaa upande, hata kidogo tu, bwate haifiki. Nafasi ya kidole inabaki. Mutu wa haraka anasema: "Tukaze buloni, itaingia tu." Buloni zinavuta, na nyumba ya bwate inaweza kupasuka. Mwenye akili anarudisha bwate nyuma, anaweka disiki katikati, na bwate inaingia kwa mikono. Halafu anainua vyote pamoja, upande wa bwate ukiinama, anashusha polepole ndani ya shasi. Anaangalia kama karteri haishuki sana karibu na udongo, kama chuma cha usukani hakigusi bomba ya moshi. Urefu wa kardani anaupima wakati motere imekwisha kufungwa pahali pake, si mbele.

Sasa, ndugu, ekzameni inatupa vipimo vyote juu ya karatasi. Motere haitupi hata kimoja. Ni sisi wa kuvitafuta. Na jibu baya halingojei mwalimu kulisahihisha, linapasua chuma saa ileile. Masomo haya tutayapata wapi tukifunga atelye? Katika Kivu watu wanachonga chukudu kwa mbao, wanapakia magunia ya viazi, wanalisha jamaa zao. Nani atasema wale walishindwa?

Diploma ni ya lazima, tunajua. Wazazi wameuza mbuzi juu ya minervali yetu, na hatutaki kurudi kwao mikono mitupu. Lakini mikono isiyojua kazi ni mitupu vilevile, hata ikishika diploma.

Basi tunaomba hivi: marudilio yafanywe magaribi, saa moja kila siku, na posho ibaki ya atelye. Anayefikiri namna ingine aandike katika gazeti lijalo. Tutamusoma vizuri, na tutamujibu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita