Tukichagua mabingwa wa katuni, tuwahesabu na wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona la kitoto. Jambo lenyewe ni katuni.

Katika likizo iliyopita wajukuu zangu pamoja na watoto wa majirani hapa Sofu, Kibaha, walikaa barazani kwangu wakibishana ni nani bingwa wa kutengeneza sinema za katuni, na ni kampuni gani inayozishinda zote. Mmoja alimshikilia Walt Disney. Wa pili akamtaja Mjapani Hayao Miyazaki na studio yake ya Ghibli. Wa tatu akaapa kwamba hawajatokea kama William Hanna na Joseph Barbera, waliowaleta Tom na Jerry mwaka 1940. Ubishi ulikuwa mkali kama ule wa Simba na Yanga. Nilipowauliza, "Na wa kwetu je?" walinyamaza, kisha mkubwa wao akanijibu, "Babu, sisi hatuna."

Neno hilo "hatuna" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu Mhariri, mimi sina ugomvi na hao waliotajwa. Kazi yao si mchezo. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Hata mchoraji akitumia mchoro mmoja kwa picha mbili, bado dakika moja tu inadai michoro 720. Disney aliyatoa hayo kwa sinema nzima ndefu mwaka 1937, katika hadithi ya Snow White, na Miyazaki alitoa Spirited Away mwaka 2001 ikapata tuzo ya Oscar. Mwenye macho hawezi kuwabeza.

Lakini tukumbuke kwamba orodha ya mabingwa huandikwa na watu, na mtu huanza kumwandika anayemjua. Wengi huamini kwamba Disney ndiye aliyetangulia kutoa sinema ndefu ya katuni. Kumbe mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alikwisha kutoa yake mwaka 1926, akitumia vivuli vya karatasi alizokata kwa mkasi, miaka 11 kabla ya Snow White. Ikiwa huko kwao wenyewe yupo aliyesahauliwa kwa kukosa mpiga debe, sisi wa huku tutarajie nini tukikaa kimya?

Sasa tujihesabu. Mzee yeyote aliyesoma gazeti la Uhuru enzi zile anamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Halafu likaja gazeti la Sani, na humo marehemu Philip Ndunguru akatuchekesha na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili mpaka alipofariki mwaka 1986 angali kijana. James Gayo akatupa Kingo. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, ni mzaliwa wa Dar es Salaam, naye alikwenda Nairobi akawa mchoraji anayejulikana duniani. Hao walichora katuni za magazetini, ni kweli, lakini mti wa katuni za sinema umeota katika udongo huo huo.

Na za sinema zipo. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa na TBC1, kimetengenezwa Dar es Salaam, kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Leo kimetafsiriwa katika lugha kadhaa na kinatazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Ndugu yake, Akili and Me, kinawafundisha wadogo kuhesabu na herufi. Cha ajabu ni kwamba mjukuu wangu mdogo, aliyekuwa amekaa miguuni pa hao wabishi, amejifunza kuhesabu kwa huyo huyo Akili! Jirani zetu Waganda wanaye Raymond Malinga wa Kampala, ambaye mwaka 2017 alitoa katuni ya Kalabanda aliyekula kazi ya shule ya mtoto. Huko Kongo, Jean-Michel Kibushi alitoa katuni ya chura aliyekwenda ukweni tangu mwaka 1991. Hayo yote mtoto wa Kibaha hayajui, wala si kosa lake.

Kuna jambo jingine la kutufikirisha. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuonyeshwa katuni za Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya hadithi za wanyama. Michoro yake ilifuata mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akichora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao huko Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1972. Kazi ya kuzichezesha picha ilifanyika Nairobi. Kampuni iliyoongoza ilikuwa ya Uingereza. Yaani mbegu ilikuwa yetu, jirani akalima, na shamba likaandikwa jina la mtu wa mbali.

Tena mwaka 1994 Disney walitoa The Lion King wakiwa na Simba, Rafiki na Pumbaa, maneno ya Kiswahili matupu. Mwaka 2003 maneno "Hakuna Matata" yalisajiliwa kule Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo katika mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamika. Kama maneno ya kinywani mwetu ni mali ya kusajiliwa ng'ambo, vipi sisi wenyewe tuseme hatuna?

Ndugu Mhariri, ninapowalaumu watoto sina budi kujilaumu mimi kwanza. Mwaka 1985 mwanangu alikuwa darasa la tano. Siku moja nilifungua daftari lake la hesabu nikakuta kurasa nne nzima amemchora Lodi Lofa, na pembezoni ameongeza vituko vya kwake mwenyewe. Nilimchapa, na daftari nikalitia jikoni mbele ya macho yake. Niliamini kwamba namwokoa asije akawa mhuni. Hakuchora tena. Siku ile ya ubishi yeye, ambaye sasa ni baba wa hawa wajukuu, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Mtoto aliposema "hatuna", mwanangu alicheka kidogo akasema, "Baba, mimi nilikuwa naye wangu." Kisha akainuka akaenda zake. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika:

Kwanza, gazeti lako liwaalike wasomaji wachague mabingwa wa katuni wa Afrika Mashariki, wa magazetini na wa sinema, tangu wa zamani mpaka wa sasa. Watoto wasome majina hayo na kubishana juu yake.

Pili, vituo vya televisheni visikate majina ya wachoraji mwishoni mwa vipindi. Mtoto akiyaona majina kama ya kwao ataelewa kwamba hiyo ni kazi ya watu, tena watu kama yeye.

Tatu, taasisi yetu ya sanaa ya Bagamoyo, iliyo humu humu mkoani Pwani, ipewe vifaa na walimu wa kutosha ili kijana mwenye kipawa cha kuchezesha picha asilazimike kwenda mbali.

Nne, na hili ni kwa wazazi wenzangu: ukikuta michoro ndani ya daftari la hesabu, mnunulie mtoto daftari la pili. Mkanye asichezee hesabu, lakini fimbo na moto uviache.

Hapa mjini Kibaha tunayo kata nzima iitwayo Picha ya Ndege. Itakuwa aibu watu wenye jina kama hilo mlangoni mwao wakilea watoto wanaodhani kwamba kuchora ni kazi ya Wamarekani na Wajapani peke yao.

Wakatabahu,
Babu,
Sofu, Kibaha.