Samaki wa Tangini Wanapozidi

Wamo miongoni mwetu waliowanunulia watoto gapi wawili, na sasa tangi la kioo limefurika. Si ajabu: jike huzaa vifaranga hai, mara nyingi 20 au zaidi, takriban kila wiki 4, naye aliyekwisha kukutana na dume huweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa akiwa peke yake.

Katika mji wetu wenye uhaba wa maji, samaki wakizidi, maji ya kubadilisha nayo huzidi. Yasipobadilishwa, taka zao wenyewe huwaua. Basi tuwatenge madume na majike wangali wachanga, wa wiki 4 hadi 6. Waliozidi tumpe jirani mwenye tangi, au tuwarudishe dukani. Anayeanza leo, anunue madume pekee.

Kamwe tusiwamwage mtoni. Mto Isiolo huingia Ewaso Ng'iro, na gapi ni wageni kutoka Amerika Kusini. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alichangia kuangamia kwa samaki wengi wa asili.

Kiumbe tuliyemfungia ni amana; hana wa kumtunza ila sisi.