Supu ya Kichwa cha Samaki

Mtu wa bara aendapo Mombasa kufanya kazi, mara nyingi hununua minofu mitupu ya samaki, akamwachia mchuuzi kichwa na mifupa. Wenyeji humcheka kimoyomoyo, kwa maana alivyoviacha ndivyo vyenye supu.

Kichwa kikubwa cha tewa chaweza kulisha jamaa nzima. Cha changu ni kidogo, lakini kitamu. Kwanza yapasa kuondoa matamvua yote, kwani huitia supu uchungu, na kuosha damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo. Kichwa na mifupa hutiwa katika maji baridi pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, vikachemshwa kwa moto mdogo dakika 20 au 30, huku povu likienguliwa. Mifupa ya samaki si kama ya ng'ombe. Ikipikwa kutwa, supu huharibika ladha. Ikiisha kuchujwa, nyama ya mashavuni, iliyo tamu kupita zote, hurudishwa sufuriani. Tui zito la nazi hutiwa mwisho, lisiachwe kutokota likakatika. Ndimu hukamuliwa sufuria ikisha kuepuliwa.

Wako wadhanio kuwa supu ndiyo njia ya kumtumia samaki aliyeanza kuharibika, ati moto na pilipili husafisha kila kitu. Sivyo hata kidogo. Jodari, nguru na vibua wakikaa saa kadhaa katika joto bila barafu, hufanyika sumu ndani ya nyama yao isiyoondoka kwa kuchemshwa, nayo yaweza kuwamo hata kabla samaki hajanuka. Mwenye kuila huumwa kichwa, uso humwaka, mwili humwasha na moyo humwenda mbio. Apelekwe hospitali upesi. Na bunju, yule ajivimbishaye kama mpira, asipikwe kabisa, hata akiwa ametoka majini sasa hivi. Sumu yake huua.

Hapo ndipo ionekanapo faida nyingine ya kununua samaki mzima. Macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi mahali pake. Minofu mitupu haina macho wala matamvua ya kutazamwa. Mnunuzi na aulize samaki amevuliwa lini. Na ikiwa mchuuzi hana barafu na jua limekwisha kuwa kali, ni afadhali siku hiyo nyumba ile maharagwe.