*MELI INASUBIRI, TUNAOLIPA NI SISI*

Ndugu wanachama wa Tawi,

Wapo wanaobeza mradi wa TPA wa matangi 15 ya mafuta Kigamboni, yenye uwezo wa lita milioni 378. Wanauliza: "Maghala ya watu binafsi yapo, ya umma ya nini?"

Tunawajibu.

Meli ikikaa nje ya bandari ya Dar es Salaam ikisubiri kushusha, mwenye meli anatoza kwa kila siku, tena kwa dola. Gharama hiyo haibaki kwa mwagizaji. Inaingizwa kwenye bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Analipa bodaboda. Analipa mkulima mwenye pampu ya maji. Analipa mama lishe kupitia nauli ya mchele.

Shehena ya meli moja ikigawanywa kwenye maghala mengi, tenki la mmoja likijaa, wote wanangoja. Ikipokelewa pamoja, meli inaondoka mapema, na serikali inapima mafuta na kodi yake sehemu moja.

Lakini hatutashangilia utepe tu. *Tunadai:*

1. Gharama ya meli kusubiri itangazwe kila mwezi kwa Kiswahili chepesi.
2. Ikishuka, nafuu hiyo ionekane kwenye bei ya pampu.
3. Tanga na Mtwara nazo ziongezewe uwezo wa kupokea na kuhifadhi mafuta.

Tenki lisilopunguza bei ni bati tu.

Sambaza kwenye mashina yote.

_Imetolewa na Uenezi, Tawi_