Moshi wa Kuchomelea Hauishii kwa Fundi

Kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea, umeme huzalisha joto linalopita nyuzi 5,000 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye 1,538. Sehemu ya metali hugeuka mvuke, ukapoa hewani na kuwa vumbi laini mno. Moshi huo hutoka zaidi kwenye kijiti na ganda lake kuliko kwenye chuma kinachoungwa. Una manganizi, na kwa chuma kisichoshika kutu, una pia kromu na nikeli. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, wakala wa utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mara nyingi suala hili huachwa kwa fundi na miwani yake. Hilo ni kosa. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, kazi nyingi hufanyika mahali pa wazi, kando ya njia, na anachovuta fundi hukivuta pia mama ntilie na mwanafunzi apitaye.

Bomba lililopakwa zinki ni mfano wa wazi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, mapema kabla chuma hakijayeyuka, ikatoa moshi mweupe mzito. Jioni fundi hushikwa na homa na kutetemeka, akadhani ni malaria. Maziwa anayokunywa kama kinga hayafiki mapafuni. Rangi kuukuu ya geti ni mbaya zaidi ikiwa na risasi, kwani risasi ikishatua udongoni haiozi.

Kwenye maji, tatizo ni kabaidi. Ikikutana na maji hutoa gesi ya kuchomea, na kubakiza tope jeupe la chokaa kali. Likimwagwa mtaroni, huweza kuua samaki mtoni.

Kuhamishia karakana pembezoni mwa mji hakupunguzi moshi wenyewe. Na feni humsukumia jirani moshi uleule. Kinachosaidia ni kifyonza moshi chenye chujio, na kubandua zinki na rangi kabla ya kuchomelea, mabaki yakakusanywa badala ya kufagiliwa barabarani. Tope la kabaidi lina kazi yake: likikaushwa, hupakwa kutani kama chokaa nyingine. Halmashauri zinazotenga maeneo ya mafundi zingeanza na shimo la kulikaushia.